Tapeti za Gari la Mkate

Gari la mkate lilirudi gereji likiguna. Lilikwenda vizuri hatua chache, kama gari zima, halafu likashtuka, likatikisa mabega, likaendelea. Mafundi wa mtaa ule walikuwa na neno lao kwa ugonjwa huo: gari linamisi. Maana yake ipo silinda moja iliyogoma kulipua, na zile nyingine zinabeba mzigo wake huku zikilalamika.

Mama Pacha alilisikia likiwa bado kwenye kona ya mchomeleaji. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari jingine, akaweka spana chini na kufuta mikono taratibu. Kila kitu cha gesi kilichokuwa ndani ya gari lile alikifunga yeye: mtungi uliolala nyuma ya trei za mikate, mabomba, regyuleta inayopunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye injini, swichi ya kuchagua gesi au petroli. Gari hilo ndilo lililobeba jina lake.

"Shemeji, hii gesi yako imeanza vituko," dereva alisema hata kabla hajazima. "Asubuhi kukiwa na baridi haina neno. Ikishapata moto tu, inanitia aibu mlimani. Mikate inafika dukani imelaliana."

"Na ukiweka petroli?"

"Afadhali."

"Afadhali maana yake inapona, au inapungua?"

Dereva akacheka. "Mimi kazi yangu usukani, shemeji. Afadhali ni afadhali."

Mume wa Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo na kikombe cha chai. Hakusogea. "Kama kwenye petroli ni afadhali, basi ni gesi," akasema, akapuliza chai yake. Alilisema hilo bila kufungua boneti, bila kugusa hata kioo cha gari, na dereva akalichukua kama lilivyo, akaenda kumpelekea tajiri wake.

Mume huyo mtaa mzima ulimwita Sikio. Jina alilipata kihalali. Alikuwa haamini geji wala mashine. Kila mara alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza siri ya jirani. Kisha alikaza hapa, akalegeza pale, na injini iliyokuja inapiga kelele kama karandinga ikatulia hadi mwenye gari aulize kama imewaka au imezimika. Watu walileta magari kutoka mbali kuja kutafuta utulivu huo. Na sifa ni tamu. Ukishazizoea, siku moja tu usiposifiwa unajiona umeugua.

Mkewe alijifunza kazi ubavuni mwake. Alianza kwa kumshikia taa, akaja kumpa spana kabla hajaziomba, mwisho akawa anafungua injini peke yake na kuzirudisha. Pamoja na hayo yote, kwa wateja alibaki mke wa fundi, yule anayejua mahali funguo zilipo. Gesi ilipoanza kuingia kwenye magari, Sikio alicheka hadi akapaliwa. Gesi, alisema, ni ya jikoni. Mama Pacha hakubishana naye. Pacha walikuwa wameshaanza shule, nafasi akawa nayo, akaenda kusomea kufunga mifumo ya gesi, akarudi na ujuzi ambao mumewe hakuwa nao na hakuutaka. Kwa mara ya kwanza gereji ile ikawa na kazi ambayo mtu akija anamuuliza yeye.

Ndipo akatokea mwenye bekari, mtu mnene, mpole, mwenye unga kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Alikuwa na magari kadhaa ya kusambazia mikate, yote ya zamani, yote yanakunywa petroli bila huruma. Akamwambia Mama Pacha: "Nifungie kwenye hili moja kwanza. Likitulia, nitakuletea yote, na wewe ndiye utakayeyatunza. Sawa, fundi?" Fundi. Alimwita yeye, huku Sikio amesimama pale pale. Mama Pacha alirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyebeba yai mkononi.

Kabla hajafunga gesi, alimwomba mumewe aseti tapeti. Tapeti ni ule upenyo mdogo kati ya valvu na kidole cha chuma kinachoisukuma. Ukiwa mpana injini inagonga, ukiwa mwembamba inanyamaza. Alimweleza alichofundishwa: kwamba petroli huacha unyevu kidogo unaolinda valvu, na gesi haiachi kitu, kwamba kwenye injini za zamani valvu hukaa kwenye chuma laini, ikipigwa kavu kavu inazama, na kila inavyozama upenyo unazidi kubanwa. "Kwa hiyo ziache zimelegea, Baba Pacha. Zigonge kidogo. Gari la gesi likigonga kidogo ndiyo uzima wake."

"Nimesikia," Sikio alimjibu. Kusikia alisikia.

Sasa gari limerudi, na mwenye bekari ametuma salamu kwamba anataka kujua ni nini, maana duka moja limekataa mikate iliyopondeka. Mama Pacha akalisukuma hadi kwenye sehemu yake, akafunga kitambaa kichwani vizuri, akaanza kazi.

Alianza na kazi yake mwenyewe, na alijikagua kwa ukali kuliko mtu yeyote ambaye angekuja kumkagua. Alipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, akatafuta povu, hakuna. Akafungua chujio la gesi, safi. Akaifungua regyuleta na kuutazama mpira wake mwembamba kwenye mwanga, akitafuta tundu, hamna tundu. Mipira ya upepo aliikunja mmoja mmoja, kwa sababu ukipasuka kidogo tu injini hunyonya hewa isiyohitajika na kumisi vile vile. Yote ilikuwa mizima.

"Mama, bado unapika?" mchomeleaji alimuuliza akipita. "Au gesi imekwisha kabla mboga haijaiva?"

"Njoo uonje," alimjibu bila kuinua kichwa. Waliokuwa karibu wakacheka, na yeye akacheka nao, ila kicheko hicho kilimuuma.

Akahamia kwenye moto. Gesi haishiki moto kirahisi kama petroli. Inataka cheche yenye nguvu, na plagi au waya uliochoka, ambao kwenye petroli ungejikongoja miezi, kwenye gesi unaumbuka mara moja. Plagi alizitoa, akapima nafasi zake. Zilikuwa kama alivyoziacha, zimebanwa kidogo kwa ajili ya gesi. Akafunika boneti kwa turubai, akaingiza kichwa ndani ya giza lile la joto na harufu ya mpira huku injini inawaka, akitafuta cheche za buluu zinazotoroka kwenye waya. Waya hazikutorosha kitu. Akafungua kifuniko cha distributa inayogawa moto kwa plagi, akakisugua, akakitazama kama kina ufa. Akazihamisha plagi kutoka silinda moja hadi nyingine. Injini iliendelea kuguna kwa guno lile lile.

Kisha akashika koleo lenye mpini wa mpira na kuchomoa waya za plagi mmoja mmoja, injini ikiwaka. Wa kwanza ulipotoka injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu ulipotoka injini haikujali. Ilikuwa kama kumtoa kwenye mkutano mtu aliyelala. Akaurudisha, akauchomoa tena ili ahakikishe. Akaweka swichi kwenye petroli na kurudia. Kwenye petroli silinda ya tatu ilifanya kazi kwa kusuasua, lakini na huko pia ilikuwa mgonjwa. Gesi haikuwa imeleta ugonjwa pale, ilikuwa imeutangaza.

Akachukua geji ya kompresheni, ile inayopima nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Silinda nyingine zilisukuma sindano juu vizuri. Ya tatu iliisukuma nusu ya njia na kuchoka. Akamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, maana kama pete za pistoni ndizo zimekwisha, oili ingeziba na sindano ingepanda. Haikupanda. Basi ni valvu, na alishajua kitu anachokwenda kukiona.

Alifungua kifuniko cha juu ya injini. Alitafuta bapa jembamba kuliko yote kwenye fila geji, kile kishada cha mabapa ya kupimia upenyo, akajaribu kulipitisha kwenye valvu ya moshi ya silinda ya tatu. Halikuingia. Hapakuwa na upenyo kabisa; valvu ilikuwa imeshikiliwa wazi, haiwezi kufunga mdomo, inaungua pembeni kila injini inapolipua. Akajaribu za silinda nyingine. Zile zilikuwa bado zinapitisha bapa, ila kwa taabu, na kwa zilivyobanwa zilikuwa njiani kumfuata mwenzao. Hazikulegezwa. Zilikuwa zimekazwa mpaka zinyamaze, kama alivyozoea kukaza Sikio mwenyewe.

Alisubiri mchana wateja walipopungua, akamwita mumewe ndani na kuurudisha mlango. Hakutaka kumwaibisha. Alimpa fila mkononi, akamwonyesha kwa kidole. Sikio akajaribu bapa lile, akajaribu tena, akalifuta kwenye suruali kana kwamba uchafu ndio unaolizuia.

"Nilizilegeza," akasema hatimaye. "Nilizilegeza kama ulivyosema. Nilipowasha zikawa zinagonga, na watu walikuwa pale nje wamesimama. Nikazirudisha."

"Baba Pacha."

"Niliona aibu," alisema, akitazama sakafu. "Nitafungua hedi. Nitaweka valvu nyingine."

"Na mwenye bekari utamwambia?"

"Nitamwambia."

Mama Pacha aliamini. Si kwamba alikuwa mjinga; miaka yote ile mumewe hakuwahi kumdanganya jambo kubwa, na kosa alikuwa amelikiri bila kuvutwa. Alijisikia mwepesi. Alimhurumia hata, akamtengenezea chai.

Haki yake Sikio apewe: mkono wake ni mzuri. Aliishusha hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu, akatoa valvu iliyoliwa ukingo kama biskuti iliyong'atwa, akaweka mpya, akaisaga kwenye kitako chake hadi ikakaa bila kupitisha hata tone la petroli. Akafunga kila kitu, akaseti tapeti kwa fila, kwa vipimo alivyopewa na mkewe. Walipowasha, injini iligonga kidogo, tik tik tik, kama cherehani ya jirani. Mama Pacha akabonyeza swichi ya gesi. Haikuguna. Akaiacha ipate moto, akakanyaga mafuta, akaachia. Ilipanda na kushuka bila kusita, na yeye akasimama pale anaisikiliza huku anatabasamu peke yake.

Mwenye bekari alikuja mwenyewe kulichukua. Mchomeleaji alikuwepo, na watu wengine wawili watatu ambao kazi yao ni kuwepo.

"Ilikuwa nini, fundi?" Safari hii alimtazama Sikio.

Sikio alifuta mikono. "Valvu iliungua. Unajua gesi ina joto kavu, imeila. Nimeweka nyingine."

Uongo mtu angeweza kuukanusha. Hii ilikuwa nusu ya kweli. Mama Pacha alisubiri nusu ya pili. Alisubiri huku anamtazama mumewe usoni, na mumewe alikuwa anatazama boneti.

"Na huu mlio?" mwenye bekari aliuliza, akiinamisha kichwa. "Hili gari halikuwa linagonga hivi."

"Sikio limezeeka," mchomeleaji akadakia. "Mpeleke hospitali likasafishwe."

Wakaangua kicheko. Sikio alicheka pia, lakini shingo ilimwiva. Akazima injini, akachukua spana na bisibisi yake ndefu. "Dakika chache tu," akasema.

"Baba Pacha, ziache," Mama Pacha alisema. Akasogea karibu, akarudia kwa sauti ya chini zaidi. "Ziache hivyo hivyo, tafadhali."

"Mama Pacha siku hizi anapenda kelele," Sikio aliwaambia wale watu. "Za nyumbani hazimtoshi."

Wakacheka tena, na kicheko kikishaenea kwa watu wengi hakuna maneno ya kitaalamu yanayoweza kupita katikati yake. Sikio alifungua kifuniko, akakaza tapeti moja baada ya nyingine. Alipowasha, bisibisi sikioni, macho ameyafumba, injini ilikaa kimya kabisa. Mwenye bekari alimpiga begani kwa furaha. Alisema atalitazama gari kwa muda. Likitulia kweli, ataleta mengine kama alivyoahidi. Akaondoka, na Mama Pacha akabaki ameshika fila geji ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Jioni ile, pacha wakifanya hesabu zao za shule barazani, alimfuata mumewe chumbani. Alikuwa anavua viatu.

"Unajua itaungua tena," alimwambia.

Alitegemea abishe. Alikuwa amejiandaa na maneno yote, ya kumweleza upya, taratibu, kama mtoto. Sikio alivuta soksi, akaikunja.

"Najua," akasema.

"Unajua."

"Ikiungua nitaifungua tena. Ni kazi tu."

"Na watasema ni gesi."

"Watu hawakosi la kusema, mke wangu. Ulitaka nifanye nini, nichekwe pale nimesimama?"

Mama Pacha aliketi ukingoni mwa kitanda. Kutojua angemsamehe, angekasirika siku mbili na kumsamehe. Lakini mtu huyu alikuwa amepima jina lake kwa mkono mmoja na la mkewe kwa mkono wa pili, akaona la mkewe ndilo jepesi, akalitupa. Na alikuwa amelala usingizi mzito kabla hata sahani hazijaoshwa. Mama Pacha alimchukia usiku ule, wazi wazi, bila kujificha moyoni mwake.

Kesho yake mchana alivua ovaroli, akavaa nguo ya heshima, akaenda bekari.

Joto la mle ndani lilimpiga usoni tangu mlangoni. Wafanyakazi walikuwa wanavuta trei kutoka kwenye oveni kwa ndoano ndefu, na mwenye bekari alikuwa kwenye meza ya pembeni anapima unga. Alimkaribisha kwa adabu zote, akamfutia kiti. Mama Pacha hakuzungusha maneno. Alimwambia kwamba gesi haikuiunguza valvu. Kwamba tapeti zilikazwa wakati zilitakiwa kulegezwa. Kwamba zimekazwa tena jana mbele ya macho yake, na valvu itaungua tena. "Naomba unipe gari muda mfupi tu," alimaliza. "Nizilegeze. Litagonga kidogo, lakini litakaa miaka."

Mwenye bekari aliendelea kusawazisha unga kwenye mizani kwa kiganja, kwa muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

"Mumeo anajua kama uko hapa?"

Mama Pacha alitazama unga kwenye mizani.

"Shemeji, sisemi unadanganya," alisema kwa upole. "Huenda ni kweli yote. Mimi injini siijui, najua unga. Lakini mke anayetoka nyumbani kwake kuja kumsema mumewe kwangu, kesho atakwenda kunisema mimi kwa nani? Magari yangu nitamwachia vipi mtu wa hivyo?"

"Sikuja kumsema. Nimekuja kwa ajili ya gari."

"Basi njoo naye. Akisema yeye lifunguliwe, boneti nitaifungua mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipouma zaidi. Mtu mbaya angemfokea, naye angepata pa kumwagia hasira zake. Huyu alimsindikiza hadi mlangoni, akamchagulia mkate wa moto kwenye trei, akaufunga kwa karatasi. "Wapelekee pacha," akasema.

Alitembea nao kwapani hadi kona ya mchomeleaji, ukimchoma mbavu. Mchomeleaji akainua miwani yake myeusi. "Leo umepika kweli," alisema. Mama Pacha akamwekea mkate wote mikononi na kupita zake. Mchomeleaji alibaki kaduwaa, kisha akaumega.

Haikuchukua muda mrefu. Gari la mkate lilirudi likivutwa kwa kamba, limezimika mlimani asubuhi na mikate yote ndani. Mwenye bekari alifuata nyuma kwa miguu, akihema. Hata yeye upole ulikuwa umemwisha.

"Toeni gesi," alisema. "Toeni yote, mtungi, waya, mabomba, sitaki hata skrubu yake. Nirudishieni gari langu la petroli. Na yale mengine tuyasahau."

Sikio alimtazama mkewe. Gereji nzima hapakuwa na mtu mwingine anayejua kuitoa gesi kwa usalama, na yeye Sikio asingethubutu hata kufungua valvu ya mtungi. Kwa hiyo aliyeifunga ndiye aliyeifungua. Aliimaliza gesi iliyobaki kwenye mabomba, akalegeza nati alizozikaza kwa mkono wake, akayavuta mabomba aliyoyakunja kwa uangalifu mkubwa ili yasiguse ekzosi hata siku moja. Regyuleta aliitoa mwisho. Ilikuwa bado inang'aa. Kazi yake yote ilikuwa haina dosari, na aliijua hivyo wakati anaibomoa kipande kwa kipande.

Upande wa pili wa boneti ile ile mumewe alikuwa ameshusha hedi tena. Valvu ilikuwa ile ile ya silinda ya tatu, imeliwa mahali pale pale. Aliweka nyingine, akaisaga, akafunga. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Pacha alilitazama hadi mwisho: alichukua fila geji, na bila kuambiwa na mtu akaziseti tapeti zote kwa upana, bapa likipita bila kubanwa, kama alivyoombwa tangu siku ya kwanza. Alikuwa na akili zake huyu bwana. Alijua kwamba gesi ikishatoka ndani ya gari, valvu ikiungua tena hakuna mwingine wa kubebeshwa.

Wakawasha. Injini iligonga, tik tik tik, ikazunguka bila guno hata moja. Sikio aliikanyagia mafuta mara kadhaa ili watu wasikie.

"Inagonga kidogo," alimwambia mwenye bekari. "Injini nzee hii, iache iseme."

"Iseme tu, bora isimisi," mwenye bekari alijibu. Alizunguka gari, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma kwenye ekzosi. Wale watu wa kuwepo walisikiliza pamoja naye. Mchomeleaji alitikisa kichwa, akasema kwamba mambo yako wazi, mwenye macho haambiwi tazama zaidi ya hapo: ilipokuwa na gesi imemisi, ilipotolewa imepona.

Mwenye bekari hakumsahau Mama Pacha. Alimfuata pale alipokuwa amepiga magoti akikusanya mabomba, akamwinamia. "Pole sana, shemeji," akasema. "Umejaribu. Ila kila mtu ana kazi yake." Alimaanisha kumfariji.

Gari likatoka. Mwenye bekari akabaki getini akipiga soga na mchomeleaji, wakicheka kwa sababu yao wenyewe. Sikio akaja ndani, akasimama karibu na mtungi uliokuwa umelala sakafuni. Alikohoa. Akachuchumaa karibu na mkewe, akashika kipande cha bomba na kukizungusha mikononi kana kwamba anakisoma.

"Ulisema kweli," alimnong'oneza. "Tangu mwanzo ulisema kweli."

Mama Pacha aliacha kukusanya. Maneno hayo alikuwa ameyasubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba alipoyapata hakujua ayaweke wapi.

"Sema kwa sauti," alimwambia.

Sikio akageuka kutazama getini.

"Watu wapo," akasema.